Arusha Walitia Saini, Nani Alibaki?

Leo tunazungumzia nchi zilizotoka vitani na mataifa yanayokuja kuzisaidia kusimama tena. Nani huja? Huja na nini? Na hukaa kwa muda gani? Swali hilo la mwisho ndilo la kushika, maana tutalirudia mara kwa mara.

Mifano ingeweza kuwa mingi. Ipo Liberia, ipo Sierra Leone, ipo Somalia, ipo Timor ya Mashariki. Lakini kwa nini twende mbali wakati Burundi iko hapo jirani, na mkataba wake wa amani ulijadiliwa na kutiwa saini Arusha, ndani ya ardhi ya Tanzania?

Basi tuanzie Arusha. Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Melchior Ndadaye, rais aliyechaguliwa na wananchi miezi michache tu kabla ya hapo. Nchi ikaingia vitani. Majirani hawakukaa kimya. Mwaka 1996, Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa nguvu, nchi za eneo hili ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, na Juni 1998 Mwalimu Julius Nyerere akawakalisha wanasiasa wa Burundi kwenye meza moja. Kazi iligawanywa katika kamati. Kamati moja ilijadili chanzo cha mgogoro, nyingine utawala, nyingine jeshi na usalama, nyingine ujenzi mpya wa nchi. Kamati ya kwanza iliongozwa na Armando Guebuza, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Msumbiji. Ile ya usalama iliongozwa na padri Mwitaliano, Matteo Zuppi, ambaye leo ni kardinali.

Mazungumzo yalirefuka mno. Wapo waliosema posho za vikao ziliwafanya baadhi ya wajumbe wasione haraka ya kurudi nyumbani. Mwalimu alifariki Oktoba 14, 1999, kazi ikiwa katikati. Nelson Mandela akaipokea, na tangu siku za mwanzo hakuwabembeleza. Aliwakemea viongozi hao hadharani kwa kuacha watu wao wafe huku wao wakibishana. Mwaka 2000 alikwenda Bujumbura, akaingia gereza la Mpimba kujionea hali ya wafungwa. Akaishinikiza serikali ivunje kambi ambamo maelfu ya wanavijiji walikuwa wamekusanywa kwa nguvu nje ya mji mkuu. Mzee huyu alijua kwamba amani inayozungumzwa hotelini haina maana ikiwa mkulima yuko nyuma ya seng'enge.

Agosti 28, 2000, mkataba ukatiwa saini. Bill Clinton, Rais wa Marekani wakati huo, alikuwepo ukumbini. Baadhi ya vyama vilisita, vikaja kusaini wiki chache baadaye. Na kulikuwa na pengo kubwa zaidi: makundi mawili makuu yenye silaha, CNDD-FDD na FNL, hayakuwa sehemu ya mkataba. Yaani amani ilisainiwa na bunduki zikaendelea kulia.

Sasa, msikilizaji, tusikimbilie vita hivyo. Tubaki kidogo kwenye ukurasa wa saini, kwa sababu hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mkataba wa Arusha una itifaki tano, na ya tano inahusu dhamana ya utekelezaji. Chini ya majina ya vyama vya Burundi waliweka saini Mandela, Yoweri Museveni wa Uganda, Daniel arap Moi wa Kenya, Benjamin Mkapa wa Tanzania, Kofi Annan wa Umoja wa Mataifa, Salim Ahmed Salim wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwakilishi wa Umoja wa Ulaya na mwakilishi wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Kila mmoja wao aliweka jina lake pembeni ya jambo zito.

Kila aliyewahi kukopa kwenye kikundi cha VICOBA anajua kazi ya mdhamini. Mdhamini hamalizi kazi yake siku ya kusaini fomu. Kazi yake inaanza siku mkopaji anapochelewesha rejesho. Siku hiyo kikundi kinamtafuta mdhamini, na kama amehama mji bila kuaga, saini yake haina faida kwa mtu yeyote.

Je, wadhamini wa Burundi walihama mji? Si mara moja. Na haki lazima isemwe: miaka ya mwanzo walifanya kazi ambayo leo inasahaulika upesi mno.

Chukua suala la hofu. Viongozi wa Kihutu waliokuwa uhamishoni walitakiwa warudi Bujumbura washike nafasi katika serikali ya mpito. Warudije, wakati jeshi lenyewe ndilo walilokuwa wakiliogopa? Mwishoni mwa 2001 Afrika Kusini ilipeleka wanajeshi wapatao 700 kwa kazi ya kuwalinda viongozi hao. Hawakwenda kupigana na mtu. Walisimama getini, walipanda gari la nyuma, walilala karibu na nyumba ya kiongozi ili naye apate usingizi. Bila walinzi hao, nani angethubutu kurudi?

Umoja wa Mataifa ulisita kupeleka kikosi mahali ambapo vita bado vinaendelea. Umoja wa Afrika, wakati huo ukiwa bado mchanga kabisa, ukaenda wenyewe mwaka 2003. Hiyo ndiyo operesheni yake ya kwanza ya kulinda amani, kwa wanajeshi wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Novemba mwaka huo CNDD-FDD ikatia saini makubaliano ya jumla ya kusitisha vita, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaja na walinda amani zaidi ya 5,000. Mwaka 2005 wananchi wakapiga kura ya maoni kuhusu katiba mpya, wakachagua viongozi, na Pierre Nkurunziza wa CNDD-FDD akawa rais. Hapo msaada ulikuja kwa mpangilio wake: jirani kwanza, bara likafuata, dunia ikaja nyuma yao.

Halafu ikaja kazi isiyopigwa picha, nayo ndiyo tunapaswa kuitazama kwa makini. Katiba ile iliamua kwamba serikalini na bungeni Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa wapewe viti vyao bungeni. Jeshini, kabila moja lisizidi nusu. Fikiria maana yake kambini. Mtu aliyekuwa msituni anapangiwa chumba kimoja na mtu aliyekuwa akimwinda huko msituni. Wanapanga mstari mmoja wa chakula, wanavaa sare moja, wanapokea mshahara wa daftari moja. Miaka michache baadaye waliondoka pamoja kwenda Mogadishu, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2007 Burundi ilikuwa ikipeleka askari Somalia chini ya Umoja wa Afrika.

Umoja wa Mataifa uliunda Tume ya Ujenzi wa Amani mwishoni mwa 2005, na nchi mbili za kwanza kuwekwa kwenye ajenda yake, mwaka 2006, zilikuwa Burundi na Sierra Leone. Burundi ikatengewa dola milioni 35 kutoka Mfuko wa Ujenzi wa Amani. Fedha hizo zilifanya nini? Sehemu ilikarabati kambi za jeshi. Mtu atauliza, kambi za jeshi ni amani? Ndiyo. Wakati wa vita askari walikuwa wametapakaa vilimani kati ya nyumba za raia, na askari asiye na pa kulala wala pa kupikia ni mzigo na tishio kwa mama mwenye kuku na shamba la mihogo. Kumrudisha kambini ni kumpa mama huyo usiku mtulivu. Sehemu nyingine ilijenga mahakama za ngazi ya chini, zinazolingana na mahakama za mwanzo za hapa Tanzania, ili hakimu awe na jengo lake, asikae kwenye majengo ya utawala chini ya jicho la mkuu wa eneo.

Kwa nini mahakama hizo? Kwa sababu ya ardhi. Hapa naomba tukae kidogo, msikilizaji.

Ukishuka kusini mwa Bujumbura kandokando ya Ziwa Tanganyika utafika Rumonge, nchi ya michikichi. Mwaka 1972, katika mauaji ya mwaka ule, watu wengi wa eneo hilo walikimbia, na maelfu kwa maelfu wakafika Tanzania, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mashamba yao yakabaki. Mengine yalichukuliwa na wenye nguvu, mengine serikali iliyagawa kwa watu wengine kwa karatasi zenye mihuri. Miaka 30 na zaidi ikapita. Amani ikarudi, na wakimbizi wakarudi. Mzee anasimama mbele ya mchikichi na kusema: huu aliupanda baba. Ndani ya uzio kuna familia nyingine, imezaa watoto pale, imezika wazee pale, na inatoa karatasi ya serikali. Nani mwongo kati yao? Hakuna. Wote wawili wanasema kweli.

Tume ya Ardhi na Mali iliundwa mwaka 2006. Miaka ya mwanzo mara nyingi ilihimiza pande mbili zigawane shamba. Baadaye, chini ya uongozi mpya, ikaegemea kumrudishia aliyekimbia mali yake yote, hata kama aliyekuwa akiishi pale alilinunua shamba kihalali. Uamuzi wa kwanza ulimwacha mwenye shamba akinung'unika, wa pili ukamtoa mtu mwingine nyumbani kwake. Kesi kama hizo haziishi kwa mkutano wa wafadhili. Zinahitaji hakimu anayelipwa kwa wakati, asiyeogopa simu ya mkubwa, na anayekuwepo mwaka huu, mwaka kesho na mwaka wa kumi.

Nchi zenyewe zilizopita katika moto huu zilishaliona jambo hili. Aprili 2010, mjini Dili, Timor ya Mashariki, zilianzisha umoja wao unaoitwa g7+, Burundi ikiwemo. Mwaka 2011, mjini Busan, Korea Kusini, zilikubaliana na wafadhili juu ya mpango mpya wa kusaidiana. Ulisema, kwa ufupi: nchi yenyewe iongoze, na kazi ijengwe juu ya siasa inayokubalika na watu, usalama, haki, ajira na uchumi, na mapato ya serikali pamoja na huduma. Ni mpango mzuri. Lakini maandishi peke yake hayazuii risasi. Sudan Kusini ilikuwa ikiandaa makubaliano yake na wafadhili chini ya mpango huo huo mwaka 2013, na Desemba 15 mwaka huo vita vikalipuka Juba.

Katika hayo matano, Burundi ilipiga hatua ya kusifiwa kwenye mapato. Mwaka 2009, kwa msaada wa Uingereza, iliunda mamlaka yake ya mapato, na kwa miaka kadhaa makusanyo yalipanda vizuri. Haki na siasa ndizo zilizolegea. Turudi basi kwenye swali letu: nani alibaki?

Kamati iliyoundwa kusimamia utekelezaji wa Mkataba wa Arusha ilimaliza kazi na kipindi cha mpito, mwaka 2005. Walinda amani waliondoka mwishoni mwa 2006. Zikabaki ofisi za Umoja wa Mataifa, na kila zilipobadilishwa jina zilipunguzwa. Mwaka 2010 vyama vikuu vya upinzani vilisusia uchaguzi wa rais, na kukosekana kwao kukaacha nchi mikononi mwa chama kimoja. Ilikuwa dalili ya wazi. Wadhamini walipaswa kurudi mezani siku ile. Hawakurudi. Serikali ikaomba ofisi ya Umoja wa Mataifa ifungwe, ikafungwa Desemba 31, 2014, ukabaki ujumbe mdogo wa kutazama uchaguzi tu.

Hesabu miezi. Januari, Februari, Machi, Aprili. Aprili 25, 2015, chama tawala kilimteua Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, wakati Mkataba wa Arusha unasema mtu asitawale zaidi ya mihula miwili. Watu wakaingia barabarani. Mahakama ya Katiba ikaruhusu agombee, na makamu wa rais wa mahakama hiyo akakimbia nchi, akisema majaji walishinikizwa. Mei 13, rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, baadhi ya maofisa wa jeshi wakajaribu kumpindua, wakashindwa.

Wakazi wa Kigoma hawahitaji kuhadithiwa kilichofuata. Kagunga ni kijiji cha wavuvi mpakani, kimebanwa kati ya ziwa na milima mikali. Mei ile makumi ya maelfu ya watu walijazana ufukweni, maji ya kunywa yakawa yale yale ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, haikuweza kutia nanga ufukweni, kwa hiyo mitumbwi iliwabeba watu hadi kwenye meli, wanawake wakipandishwa na watoto mgongoni. Kigoma wakashushwa, wakapokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapanda mabasi kuelekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Katika miaka miwili Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wamekimbia nchi yao, zaidi ya nusu yao wakiwa Tanzania.

Ulimwengu ukafanya nini? Umoja wa Afrika uliamua Desemba 2015 kupeleka kikosi cha watu 5,000. Serikali ya Burundi ikakataa, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakarudi nyuma. Umoja wa Ulaya ukasitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali Machi 2016, ukaja kuondoa zuio hilo mwaka 2022. Afrika Mashariki ilimtuma mzee Mkapa kusuluhisha, naye alihangaika hadi 2018 akitafuta namna ya kuiketisha serikali na wapinzani wake pamoja. Serikali haikukubali. Watu wote hao walikuja baada ya nyumba kushika moto, na wakakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Lakini kuna jambo halikuporomoka, nalo lisipite bila kutajwa. Mwaka 2015 wengi waliogopa kwamba Burundi itarudi kwenye mauaji ya kabila kwa kabila. Hayakutokea. Waandamanaji walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja. Jeshi lilipogawanyika siku ya jaribio la mapinduzi, halikugawanyika kwa kabila. Kazi ile ya chumba kimoja na mstari mmoja wa chakula ilikuwa imeingia ndani. Si kwamba hali ilikuwa njema. Watu wengi waliuawa, na baada ya mashambulizi ya Desemba kwenye kambi za jeshi, maofisa waliotoka katika jeshi la wakati wa vita walisakwa. Hata hivyo tofauti ni kubwa, na ilitokana na kazi iliyofanywa kwa miaka mingi mfululizo na watu waliokaa mahali hapo.

Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilipima nchi zilizofanya mageuzi haraka kuliko zote katika karne ya 20. Ilikuta kwamba kuliondoa jeshi kwenye siasa kulizichukua takriban miaka 17, na kudhibiti rushwa miaka 27. Hizo ni zile za haraka. Mradi wa mfadhili, je? Miaka mitatu, minne, ripoti inaandikwa, gari linauzwa kwa mnada, mtaalamu anahamishwa.

Wanaosema kwamba wageni hawana budi kuondoka wana hoja. Ni kweli nchi si mali ya ofisi za New York, na serikali iliyochaguliwa ina haki ya kuwaambia wageni kwaherini. Ila mdhamini si mgeni. Uganda, Kenya na Tanzania ziliweka jina Arusha, na Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007 kwa hiari yake. Jumuiya ingeweza kuweka kamati ndogo ya kudumu, yenye watu wa sheria na wa usalama, ikae Bujumbura miaka 20, itoe taarifa hadharani kila mwaka juu ya mihula, mahakama, jeshi na ardhi. Gharama yake ingekuwa ndogo ukilinganisha na mahema ya wakimbizi ya Nduta na Mtendeli.

Na hili si la kihistoria tu. Juni 27, 2025, Kongo na Rwanda zilitia saini makubaliano ya amani Washington juu ya vita vya mashariki mwa Kongo. Kabla ya hapo, Februari, wakuu wa Afrika Mashariki na wa SADC walikaa kikao cha pamoja Dar es Salaam juu ya vita hivyo hivyo. Karatasi zinaongezeka. Tuwaulize waliosaini maswali ya wazi. Nani ataketi Goma mwaka wa tano? Mwanamke wa Masisi akirudi na kukuta ng'ombe wa mtu mwingine shambani kwake, atampelekea kesi hakimu gani, na nani atamlipa hakimu huyo? Mpiganaji anayesalimisha bunduki leo atalala kambi ipi, na nani atahakikisha mshahara wake unafika mwezi wa 30 kama ulivyofika mwezi wa kwanza? Mbunge wa Afrika Mashariki unayemfahamu anaweza kuulizwa hayo, na anapaswa kuwa na majibu.

Wakimbizi wa Burundi nao wanaendelea kurudi kutoka Kigoma. Kila familia inayoshuka kwenye basi upande wa pili wa mpaka inauliza kwanza habari za shamba. Wiki ijayo tutazungumza juu ya hilo tu: ardhi ya wanaorudi, na mabaraza ya wazee ambao Warundi wanawaita bashingantahe, yanavyoamua kesi kabla hazijafika mahakamani.